Nyasi Ambazo Hazijafukiwa

Jumamosi, tarehe 12 Juni, 1999. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeukalia mji wa Mbinga kama mgeni asiyejua kuaga, na baridi ya Umatengo iliuma mpaka kwenye meno. Eunice alisimama barazani pa ukumbi wa parokia, kanga mbili juu ya sweta, akilisubiri lori la wanunuzi wa kahawa litokalo Kingerikiti.

Hakuwa na kahawa ya kuuza wala ya kununua. Alikuwa akimngoja mzee Mansuetus, mkulima aliyefiwa na mkewe mwezi Machi na tangu hapo akawa mtu wa kuitikia salamu tu. Kila Jumamosi mzee huyo alikuwa akishuka na lori, anaingia kwenye chumba kidogo cha nyuma ya ukumbi, anavua kofia, anachukua krayoni na kuchora. Sasa Jumamosi ya pili ilikuwa imepita bila yeye.

Lori likafika likitoa moshi. Magunia yakateremshwa, watu wakateremka. Mansuetus hakuwemo.

Eunice alijua sababu, na sababu ilikuwa yeye mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, binti wa mvuvi, mwalimu wa shule ya msingi aliyezeeka na chaki mkononi. Shahada yake ya kwanza aliipata kwa kusoma huku amechoka, wajukuu wakimpandia mgongoni. Kisha zikaja zile nyakati za milango kufunguliwa: kahawa ikawa na wanunuzi binafsi, maduka yakajaa vitu, na vyuo navyo vikaanza kutafuta wanafunzi mpaka huku kusini. Chuo kimoja kikafungua Mbinga darasa la jioni la stashahada ya uzamili katika tiba kwa sanaa. Ni kazi ya kumsaidia mtu aliyebeba jambo lisilosemeka alichore au alifinyange, aliweke nje ya kifua chake, ndipo alitazame. Eunice aliposikia habari hizo alipiga magoti siku hiyo hiyo. Mwanawe alimcheka. "Mama, unataka kustaafu ukiwa na kitambulisho cha mwanafunzi?" Akamjibu, "Ndiyo. Na picha nitapiga nikiwa natabasamu."

Jioni baada ya jioni alikaa kwenye dawati la mbele, kwa kuwa macho hayakuwa yakiona vizuri ubaoni. Masomo ya nadharia aliyashinda. Yalibaki mafunzo kwa vitendo: kila mwanafunzi atembee na mtu mmoja mwenye jeraha la moyo, tangu siku ya kwanza hadi mwisho. Mtu huyo akikukimbia kwa kosa lako, hufaulu. Na darasa la Mbinga lilikuwa linafungwa, kwani wanafunzi hawakutosha. Hapangekuwa na mwaka mwingine wa kurudia.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Siku ya mwisho aliyokuja, Mansuetus alichora mistari ya kahawia kutoka juu kwenda chini, akaikata kwa mistari mingine ya kwenda pembeni. Miraba mitupu, karatasi nzima. Aliipaka polepole, akirudia, mpaka krayoni ikakatika. Eunice alipoiona, moyo ukamruka. Tangu utotoni alishona nyavu za baba yake. Vidole vyake vilizijua nyavu kabla havijaijua kalamu.

"Baba," alisema, "hizi ni nyavu. Huzuni imekunasa." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sala, akaweka mkono juu ya ile karatasi akaomba kwa sauti Bwana azikate nyavu hizo, azichanechane, asiache hata uzi.

Mansuetus aliitikia amina kwa adabu. Kisha akachukua kofia yake, akatoka.

Darasani, mkufunzi Hedwiga alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa Mngoni, mdogo kwa Eunice kwa miaka mingi, lakini mbele yake hakuna aliyethubutu kupiga miayo.

"Dada Eunice, yeye alisema ni nyavu?"

"Hapana, mwalimu."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Nilisema mimi."

Nurdini, mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akisoma naye, akashindwa kujizuia. "Mnyasa umwoneshe mistari, ataona nyavu tu. Mimi ningeona jamvi, nikaliuza."

Watu wakacheka, Eunice naye akacheka kidogo, lakini Hedwiga hakucheka. "Na baada ya kumpa jibu ambalo si lake," alisema, "ukamwomba Mungu aichanechane picha yake. Je, kama kile alichochora ni kitu anachokipenda?"

Swali hilo lilimwingia Eunice kama mwiba wa samaki kooni. Alimwuliza mkufunzi kama yeye aliijua ile picha ni nini.

"Hata nikijua, sikwambii. Si yangu. Akirudi kwa hiari yake, utaendelea. Asiporudi, ndiyo basi."

Sasa pale barazani dereva wa lori alikuwa akikunja maturubai, tayari kurudi Kingerikiti na magunia matupu. Eunice alitazama ukungu, akatazama viatu vyake. Akaomba kimoyomoyo: Bwana, nisaidie nimtafute yeye, nisitafute cheti. Na kama nakitafuta cheti, nionyeshe njiani, ili nigeuke kabla sijafika.

Akapanda.

Njia ilikuwa ya kupanda na kushuka, tope jekundu na kona zisizo na huruma. Aliketi juu ya magunia, ameshika chuma, akijikagua kama mtu anayechambua mchele. Cheti alikitaka, hilo hakuweza kumficha Mungu. Lakini kila alipomfikiria Mansuetus akiitikia amina juu ya maombi yale, aliona aibu ambayo cheti kisingeifuta. Hata kama angekuwa tayari amefeli, angepanda lori hili. Alipolijua hilo, akaacha kuogopa.

Ukungu ulikuwa umenyanyuka alipofika. Kwenye mibuni karibu na nyumba ya Mansuetus alimkuta dada wa mzee huyo, Ottilia, akichuma matunda mekundu na kuyatia kwenye kikapu kilichofungwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnyasa amepanda mlima leo. Samaki wamekwisha ziwani?"

"Wapo, mama. Wamenituma niwasalimu."

Ottilia akamtazama vizuri. "Wewe ndiye yule wa kuchorachora. Tulidhani utamponya kaka yangu, naye karudi hataki hata kuja mjini. Ulimpa dawa gani?"

"Nilimpa maneno yangu badala ya kusikia yake. Nimekuja kumwomba radhi."

Ottilia hakutegemea jibu hilo. Akakifungua kikapu kiunoni. "Haya, twende. Yupo kule kwenye ugonjwa wake."

Walizunguka nyuma ya nyumba, na mteremko wote ukafunguka mbele yao. Pande zote palikuwa na ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yaliyopangwa safu kwa safu mlimani, matuta yake yakiizuia mvua isibebe udongo. Eunice aliyaona mashimo hayo kila siku kutoka barabarani tangu alipohamia Mbinga. Lakini katikati ya mteremko palikuwa na shamba moja lisilofanana na mengine. Juu ya ardhi ngumu zililala nyasi zilizokatwa, zimepangwa mistari ya kushuka na mistari ya kukatiza. Miraba mitupu, shamba zima. Nyasi zilikuwa zimekauka, zimegeuka kahawia. Mansuetus aliketi pembeni yake juu ya jiwe, kofia magotini.

Eunice alisimama. Ulimi ulimwasha. Alitamani kusema, nimeelewa sasa, nimeiona. Akaung'ata. Hakuwa ameelewa. Alikuwa ameona tu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu." Hakushangaa wala hakukasirika. "Umekuja mbali."

"Nimekuja kukuomba radhi. Ulichora kitu chako, nikakipa jina langu. Halafu nikaomba kikatwekatwe. Nisamehe, baba."

Mansuetus aliigeuza kofia magotini. Ottilia alifungua kinywa, Eunice akamgusa mkono, naye akakifunga, pengine kwa mara ya kwanza mwaka huo.

"Sikukasirika," mzee akasema hatimaye. "Niliogopa. Unajua, Mungu huwa anasikia maombi ya watu kama wewe."

Eunice aliketi kwenye majani, kando ya jiwe lile. "Nieleze ni nini, baba, kama unapenda. Usipopenda, tukae tu."

Akaeleza, taratibu, kama mtu anayetembea gizani nyumbani kwake. Katika ngolo mwanamume hukata nyasi na kuzipanga. Hiyo ndiyo kazi yake, na ikiisha huondoka. Mwanamke huja na jembe, huchimba katikati ya kila mraba na kuutupa udongo juu ya nyasi mpaka zisionekane. Zikiozea humo ndani ndizo zinazolisha maharage, na mwakani mahindi. Machi ile alimaliza kupanga nyasi jioni. Mkewe, Tadea, alisimama hapo hapo akazitazama, akamtania kwamba mistari yake imepinda kama njia ya mlevi. Akasema ataanza kuchimba baada ya misa ya Jumapili. Homa ikamchukua kabla ya Jumapili.

"Hii ndiyo kazi yetu ya mwisho," alisema Mansuetus. "Yangu iko hapo. Yake haipo."

Eunice alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaendelea kuzitazama nyasi pamoja naye. Hakuomba kwa sauti.

Mchana waliitwa kula. Siku hizi nyumba nyingi hula kila moja kivyake, lakini ukoo ule ulikuwa bado unashika sengu: watu wa ukoo mmoja wanakusanyika, wanakula pamoja, na kilichowaudhi wanakisema hapo hapo ugali ukiwa bado wa moto. Wanaume walikuwa upande mmoja na wanawake upande wa pili. Eunice alipewa kigoda karibu na mlango, mahali pa mgeni. Augustino, kaka mkubwa wa Mansuetus, ndiye aliyeongoza. Alinawa, akafanya ishara ya msalaba, akabariki chakula, na maharage hayakuwa yamefika nusu alipomgeukia mgeni.

"Mwalimu, sisi hatukusoma mambo yako, lakini tunashukuru. Huyu ndugu yetu anakusikiliza. Shamba lile linatutia aibu. Wanawake wapo, majembe yapo, maharage ya mwaka huu yamepotea. Kila anayepita anauliza. Mwambie aruhusu nyasi zifukiwe."

"Mwambie," akadakia Ottilia. "Mimi nikisema, ananiona kelele. Wewe umesoma."

"Na akirudi kwako huko mjini," Augustino akaendelea, "utuletee habari. Amechora nini, amesema nini. Sisi ndio ndugu, tusije tukashtukizwa."

Ugali ulisimama mikononi mwa watu. Eunice alihisi macho yao yote. Ilikuwa njia nyepesi kuliko zote. Mzee Augustino akisema Mansuetus aende, Mansuetus ataenda, kwa kuwa mdogo hapingani na mkubwa mbele ya sengu. Angekaa tena kwenye kile chumba cha nyuma. Mkufunzi angemwona amerudi. Ni neno moja tu lililotakiwa.

Alisukuma sahani mbele kidogo.

"Baba, chakula chenu nimekula, na heshima mmenipa. Lakini hilo siwezi. Shamba ni lake na marehemu. Nikimwambia afukie, nitakuwa nimerudia kosa lililonileta hapa. Na atakachochora mbele yangu sitawaletea."

"Sasa umesomea nini?" Ottilia akauliza. Hakuwa akitania.

"Nimesomea kukaa, mama. Ni kugumu kuliko nilivyodhani."

Mtu mmoja upande wa wanaume akacheka chinichini. Augustino hakucheka. "Na sisi tukisema basi, asije tena kwako?"

"Nitarudi Mbinga na lori, baba. Darasa langu litakuwa limeishia hapo, na sitawalaumu. Nitaendelea kumwombea, kimya kimya."

Augustino alitazama sahani yake, akamtazama mdogo wake, kwa namna ya mtu anayekumbuka kwamba huyu naye ana mvi. "Mansuetus," alisema, "maneno yako wapi?"

Mansuetus aliweka tonge chini. Sauti yake ilitoka kavu, kama mlango wa ghala usiofunguliwa siku nyingi.

"Nitakwenda. Kuna nyingine nataka kuchora." Akafuta vidole, akaanza tena. "Nyasi zitafukiwa. Si leo. Nitakapoweza kuwaona wengine wakishika jembe lake, nitawaita mimi mwenyewe. Msiniulize lini."

Ottilia alijifunika uso kwa upande wa kanga. Hakuna aliyemuuliza lini.

"Lakini wewe, mwalimu," Mansuetus akamgeukia Eunice, "sisi hapa neno la sengu halirudishwi. Ulilosema, lisimamie ulitamke, wote wakusikie. Hata na huyu dada yangu, ili kesho asikufuate mjini kukuchokoa."

Eunice akainuka kutoka kwenye kigoda. Wanaume waliacha kula. Wanawake waliokuwa jikoni wakaja mlangoni na mikono yenye unga.

"Mbele ya Mungu, na mbele yenu, baba Augustino, mama Ottilia na ukoo wote," alisema, "mimi Eunice naahidi. Kila Jumamosi atakayokuja Mansuetus, atanikuta. Asipokuja, sitamfuata wala sitamtuma mtu. Picha zake ni zake. Sitazipeleka kwa yeyote bila ruhusa yake, hata kwa mwalimu wangu, hata ikinigharimu cheti. Na sitamharakisha. Akihitaji mwaka, nitakaa naye mwaka, darasa liwepo lisiwepo."