Falsafa ya Mwalimu wa Umeme

Eti falsafa yangu ya ufundishaji ni nini. Ukurasa mmoja, umfikie mkuu wa idara kabla ya saa nane mchana, na mkuu mwenyewe ni mimi niliyemfundisha kushika bisibisi. Miaka kumi na tisa nafundisha umeme wa majumbani katika chuo hiki, sijawahi kuulizwa falsafa. Naulizwa mahudhurio tu. Nikaandika kwa hasira: "Kwangu mwanafunzi yuko huru kuuliza."

Sijaweka nukta, mpwa wangu, binti wa dada yangu, akaingia na fomu ya kuacha chuo. Ilihitaji sahihi ya mwalimu wa somo. Alikuwa amefeli mara mbili zoezi la kufunga taa moja kwa swichi mbili. Dada alinikabidhi mtoto huyu akijua yuko mikononi mwa ndugu, na sasa alikuwa anaponyoka mbele ya macho yangu.

"Kwa nini hukuuliza?" nikamwambia. "Kila kipindi nawapa nafasi."

"Nafasi gani, mjomba? Ukimaliza unasema, 'Tumeelewana?' Mama naye husema hivyo hivyo akimaliza kutugombeza. Nani atajibu hapana?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Miaka yote hiyo nilidhani nauliza. Darasa zima huitikia ndiyo kwa sauti moja, nami najisifu moyoni huku nafuta ubao. Niliona aibu, na aibu yangu haichelewi kugeuka ukali.

"Si ungenifuata hata nyumbani?"

"Nilikuja. Ukaniambia mambo ya chuo tuyaache chuoni."

Nikavuta droo, nikatoa swichi mbili na kipande cha waya. "Haya, kaa. Tuanze upya, taratibu."

"Nimeshachoka, mjomba. Niwekee sahihi tu."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. Nikaweka sahihi. Akanirudishia fomu na kunionyesha kwa kidole mstari niliouruka: mwalimu aeleze sababu ya mwanafunzi kuacha. Nilijua la kuandika, na nilijua mkuu wa idara ndiye angelisoma.

Nikaandika: "Sababu za kifamilia."

Akasoma polepole. "Hapo hujadanganya, mjomba," akasema, akachukua fomu yake.