Mbeleko Mgongoni mwa Fanuel

Fanuel hakuwa na mke. Homa ilikuwa imemchukua Tryphena kabla mtoto wao hajaota jino. Hakuwa na mama, wala dada, wala shangazi wa kuja kukaa naye pale landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Voi. Hakuwa na ng'ombe, maziwa aliyanunua. Hakuwa na mwanamume mwenzake hata mmoja wa kumwuliza mtoto akikataa uji afanyeje. Alichokuwa nacho ni binti yake Wakesho, mwenye miezi minane, na mbeleko ambayo jirani yake Wanza, mama wa Kikamba, alimfundisha kuifunga.

"Inama zaidi, Baba Wakesho! Unabeba mtoto, hubebi gunia la mahindi."

Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta magurudumu ya mabehewa. Akiwa kazini, Wanza alimshikia mtoto. Akitoka, alisugua mikono kwa majivu mpaka weusi ukatoka, akamfunga bintiye mgongoni, akaenda bombani kuchota maji. Mwaka huo wa 1955, mwanamume wa Kitaita mwenye mbeleko alikuwa kioja. Wapakiaji wa mizigo walimwita Mama Wakesho.

"Mama Wakesho, mnyonyeshe basi!"

"Subiri, huyu akishiba nitakuita. Naona nawe una njaa."

Habari zikapanda mlima hadi Werugha, kwao Tryphena. Jumamosi moja shemeji yake Hudson, kaka wa marehemu, akateremka na mkewe Dinah kwa lori la mboga. Wakamkuta Fanuel bombani, kwenye foleni ya wanawake, Wakesho amelala mgongoni.

Hudson hata hakusalimu. "Shemeji, umetuvua nguo mchana kweupe. Mama ametutuma tumchukue mtoto."

Walipofika nyumbani Dinah alimfungua mtoto, akamkagua kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, nyuma ya masikio. Hakuona upele wala uchafu.

"Nani humwosha?"

"Mimi, shemeji."

"Hata nyuma ya masikio?"

"Hapo ndipo hunipigia kelele."

Dinah akacheka. "Hudson, mtoto huyu hana shida. Wetu hawakunenepa hivi."

"Nani ameuliza unene?" Hudson akafoka, kisha akashusha sauti. "Sikia, shemeji. Sikuja kukunyang'anya. Mwandikie Mama kwamba umepata yaya. Ukitaka kumbeba, mbebe humu ndani, mlango umefungwa. Mama atatulia, na mtoto atabaki."

"Na nikiandika ukweli?"

"Atawaita wazee waje. Utamkosa."

Fanuel akatafuta karatasi. Uongo wenyewe ulikuwa wa mstari mmoja tu. Lakini Wakesho angekua akiambiwa alilelewa na yaya asiyekuwako, kwa kuwa baba yake aliona haya kumbeba. Hilo hakuliweza.

Akachukua kalamu. Kuandika alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni, na hati yake aliionea fahari.

"Mama mkwe, nakusalimu," aliandika. "Yaya hakuna, ila nikiwa kazini jirani hunishikia mtoto. Namwosha mimi, nampikia uji mimi, nambeba mimi, barabarani, watu wakiona. Nilipokuwa mvulana sikufundishwa kazi hii, maana walisema si yetu. Sasa nimejifunza. Wazee wakitaka kuja, waje, nawe uje nao. Mpakate kwanza mjukuu wako kabla hawajasema neno. Chakula nitawapikia mimi."

Hudson akanyoosha mkono. "Lete, nitampelekea."

"Nawe ndiwe utakayemsomea?"

"Mama hajui kusoma. Nani mwingine?"

Fanuel hakumpa. Juu ya bahasha aliandika jina la mwalimu Alexander, ambaye huwasomea watu wa Werugha barua zao baada ya ibada, kwa sauti, neno kwa neno, kila aliyeko akisikia.

"Una wazimu!" Hudson akasema. "Utasomwa mbele ya kanisa zima!"

"Na nisomwe. Sijaandika kitu cha kunong'onezwa."

Dinah alikuwa amekwisha kuinuka, ameshika mbeleko. "Inama, shemeji, nikufungie."

"Asante, najifungia mwenyewe."

Akamweka Wakesho mgongoni, akafunga fundo kifuani. Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akatoka, akapita katikati ya soko la Jumamosi, akaitumbukiza barua katika sanduku la posta.