Upande wa Kushoto wa Benchi

Je, umewahi kumwona fundi cherehani anayeogopa nguo? Basi huyu alikuwa hivyo. Mikono yake iliyovisha maharusi haikuweza kumvisha yeye mwenyewe blauzi bila machozi kumlengalenga. Ugonjwa wa mkanda wa jeshi ulimpiga ubavu wa kushoto. Malengelenge yakakauka, makovu yakafifia, lakini maumivu yakabaki kama mgeni asiyejua kuaga. Hata upepo wa feni ukipita hapo, aliona kama amepitishiwa pasi ya moto.

Mumewe, mwashi mstaafu, aliyezoea kuketi kushoto kwake kibarazani, alihamia kulia asije akamgusa. Toka hapo akawa mtu wa "naam" tu. Uzi umekwisha? Naam. Paa linavuja? Naam. Fundi akajisemea: amenichoka. Mgonjwa wa miezi sita ni mzigo. Hilo likamchoma kuliko ubavu.

Kliniki, muuguzi alitikisa kopo la vidonge.

"Mama, mbona vimebaki vingi?"

"Mwanangu, mimi si mlafi wa dawa. Nameza nikibanwa."

Muuguzi akacheka. "Hizi si za kichwa, mama. Vidonda vimepona, ila mishipa ya fahamu iliumia, bado inapiga kelele. Dawa hii huituliza polepole: kila siku, uumwe usiumwe. Tutapandisha kidogo kidogo. Ukizidiwa na kizunguzungu, njoo, usiache ghafla."

"Kumbe mimi nilikuwa natia viraka, na nguo yataka kushonwa."

"Haswa, fundi!"

Wiki ya kwanza usingizi ulimwelemea, akashona mkono wa shati nje ndani. Mteja alicheka mpaka akakaa chini. Wiki ya tano, asubuhi moja, alijikuta yuko mbele ya cherehani, blauzi imefungwa vifungo vyote, naye hakukumbuka kuogopa. Akaishika ile blauzi, akaiachia, akaishika tena. Maumivu hayakuisha yote. Yalibaki kama jirani anayegonga ukuta mara mojamoja. Lakini jirani unaishi naye.

Jioni akapiga benchi kwa kiganja, upande wa kushoto. "Baba watoto, hamia huku."

"Hutaumia?"

"Kidogo. Njoo."

Mzee akaketi taratibu, kama anayelaza tofali juu ya udongo mbichi.

"Haya, bwana naam, leo utanijibu?"

Mzee akainamisha kichwa. "Sikio langu la kushoto limekufa, mwaka wa pili huu. Niliona haya kusema. Nikikaa kule kulia, nakuona midomo tu."

"Miezi saba! Si ungeniambia?"

"Ungenirudisha huku, nikuumize."

Fundi akacheka huku ameshika ubavu, na ubavu ukamvumilia. "Na mimi nilidhani umenichoka! Haya sema, ulikuwa unataka nini muda wote huo?"

Mzee akasogea mpaka bega likagusa bega. Fundi hakujitoa.

"Nilitaka nikusikie," akasema. "Hata ukinigombeza."