Kutu ya Vidole Vitatu

Askari walimwita Sajini Kutu, lakini walimwita hivyo akishapita. Mbele yake alikuwa "afande" tu, mtunza ghala la silaha, mtu wa miaka ishirini na miwili kazini ambaye hakuwahi kupokea bastola bila kuigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. Akiona kidoa cha kahawia kidogo kuliko punje ya mtama, uso unamkunjika kama aliyeonja ndimu, na kalamu inatoka mfukoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa wa aina ile ya watu wanaoamini kwamba kutu ni tabia ya mwenye chuma, na ukishaamini hivyo huna haja ya kuuliza maswali.

Kwa Koplo hakuuliza. Koplo alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye shabaha kuliko kikosi kizima, na ndiye aliyewafundisha askari wapya kulenga. Ukaguzi wa mwezi wa kwanza, bastola yake ilikutwa na kutu. Wa pili, kutu. Wa tatu, kutu tena, na kanuni haikuwa na msamaha: uzembe wa silaha mara tatu ni kikao cha nidhamu, na waliowahi kutoka kwenye kikao hicho wakiwa bado na sare hawakufika watano. Kikao kilipangwa Ijumaa. Kambi nzima ilijua kibarua cha Koplo kimeshaota nyasi. Mwenyewe alijitetea mara moja tu. "Naisafisha kila siku, afande," alisema, na Sajini akamjibu kwamba hakuna mzembe asiyesema hivyo.

"Bastola ikatengenezwe, apewe mtu mwingine," Kamanda aliagiza Jumanne asubuhi.

Kanuni ilitaka pia mwenye silaha aisindikize mpaka itakapokabidhiwa upya. Kwa hiyo Koplo alipanda gari na kisanduku mapajani, akiipeleka bastola yake mwenyewe ikapambwe kwa ajili ya mwenzake. Mtutu ulibaki ghalani chini ya kufuli. Kisandukuni mlikuwa na kiunzi na kile kipande cha juu kinachoteleza, basi. Njia nzima Sajini hakumtupia hata jicho.

Walikokwenda ni kwa dada yake Sajini, fundi wa kuvika chuma nikeli, ambaye mji mzima ulimwita Ng'aring'ari. Karakana yake ilikuwa banda refu lenye milango miwili mikubwa, yote wazi hewa ipite, na katikati mapipa ya plastiki yenye vifuniko yamepangwa mstari mmoja. Palinukia sabuni na kitu kikali kama siki. Ukutani zilining'inia kazi za watu: mabomba ya bafuni, tarumbeta, mikasi ya hospitali, bawaba za mlango wa mtu mwenye makuu. Fundi mwenyewe alitokea akiwa na aproni ya mpira hadi vifundoni na glavu nyekundu hadi viwiko.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umekumbuka kwamba una dada, au chuma kimekushinda?" Kisha akamwona Koplo. "Na huyu mwanangu mbona kanyong'onyea hivi?"

"Huyo ndiye aliyeiozesha," alisema Sajini.

Ng'aring'ari alisogea karibu. Alikifungua kisanduku, akachukua kioo cha kukuzia, akavigeuza vile vipande kwa muda mrefu kuliko Sajini alivyowahi kufanya katika maisha yake yote ya ghalani, na hilo lilimkera.

"Kutu iko wapi?" aliuliza mwishowe.

"Hiyo hapo! Au macho yameanza kuzeeka, dada?"

"Sikuulizi kama ipo, nakuuliza iko wapi. Sogea uone. Vidole vitatu, hapa. Dole gumba, huku. Kiganja, hapa nyuma. Sasa tazama kwenye pembe na kwenye matundu ya skrubu, kule ambako mvivu hafikishi kitambaa. Unaona nini?"

Sajini aliinama. Hakuona kitu. Palikuwa safi, na mafuta mepesi yamepakwa kwa adabu zote.

"Kutu ya mzembe huanzia pembeni," alisema dada yake. "Hii imekaa pale mkono unapokaa. Mdogo wangu, umeitafuta kutu miaka ishirini na miwili, kuitazama hujawahi."

Maneno yale yalimkata maini, tena mbele ya mtu wa chini yake. Ng'aring'ari alikuwa ameshamgeukia Koplo.

"Ufunguo wa nyumba yako ukoje, mwanangu?"

"Wa kahawia."

"Sindano?"

"Hazimalizi mwezi. Na saa ya mkononi niliacha kuvaa."

"Nilijua," alisema fundi, akavua glavu.

Alitoa vibati vitatu vya chuma kitupu vilivyosuguliwa mpaka unajiona meno. Kimoja akampa Koplo, kimoja Sajini, cha tatu akakishika mwenyewe, na wote watatu wakasimama pale wamevifumbata mpaka alipohesabu mia moja. Sajini alijiona kama mtoto anayechezeshwa. Kisha fundi akavipanga juu ya waya ndani ya ndoo yenye maji ya uvuguvugu chini, akafunika, akawapa chai. Alasiri alifunua.

Kibati cha Sajini kilikuwa kama kilivyoingia. Cha Koplo kilikuwa na vidole vinne vya kahawia, vimejichora hadi mistari ya ngozi. Cha tatu kilikuwa kibaya kuliko cha Koplo.

Sajini aliutazama mkono mtupu wa dada yake.

"Ndiyo, na mimi," alisema Ng'aring'ari. "Wako watu jasho lao linakula chuma. Si uchafu, si ugonjwa, wala hujalogwa. Umezaliwa nalo kama ulivyozaliwa na pua hiyo, na dawa yake sina. Ninachoweza ni kukivika chuma nguo ambayo jasho letu haliitoboi."

Koplo alianza kulia, na hakujificha. "Maisha yangu yote nimeambiwa mchafu," alisema.

"Hata mimi." Fundi alimgeukia Sajini. "Unaikumbuka baiskeli yako?"

Aliikumbuka. Alikuwa na miaka tisa, dada yake kumi na minne. Usukani wa baiskeli mpya ulipiga kutu ndani ya wiki tatu, naye akakimbia kwa baba kusema kwamba dada ameilaza nje kwenye umande. Dada alichapwa. Kuanzia siku hiyo alikatazwa kugusa kitu chochote cha chuma mle nyumbani, hata cherehani ya mama.

"Nilikuwa naifuta kila nikishuka," alisema Ng'aring'ari. "Kila nikishuka. Basi nikakua nikitafuta chuma ninachoweza kukishika bila kugombezwa, mpaka nikajifunza kukitengeneza mwenyewe."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za jirani, na Sajini akatamani angemtukana.

Kanuni haikuruhusu vipande vya silaha kuachwa peke yake, kwa hiyo Jumatano Sajini alikaa na Koplo kwenye benchi la karakana toka asubuhi. Hakuwahi hata siku moja kumwona dada yake akifanya kazi. Aliwahi kusema mbele za watu kwamba dada yake "anang'arisha mabomba".

Aliona mengine kabisa. Aliona rangi nyeusi ya kiwandani ikivuliwa na kutu ikitoka pamoja nayo. Aliona chuma kikisuguliwa, kikirushiwa mchanga laini ili kisije kumetameta mkononi mwa askari, kisha kikioshwa kwa dawa, kwa sabuni, kwa maji. Baada ya kila kuosha fundi alikiinua na kuyatazama maji yakishuka. Yakishuka kama shuka moja, chuma ni safi. Yakikatika na kufanya matone, kuna mafuta mahali fulani, na mafuta kiasi cha pumzi ya mtu yanatosha kuifanya nikeli ibambuke siku moja. Mara mbili maji yalikatika. Mara mbili alirudi mwanzo bila kuguna, na Sajini, aliyezoea kusema "inatosha" ifikapo saa sita, aliona haya.

Mara ya tatu maji yalishuka shuka moja, na chuma kikawa kizuri mno. Sajini alinyanyuka, akasogea, akanyoosha kidole.

"We!"

Alikuwa ameshagusa.

"Afadhali mngeniletea ng'ombe humu ndani," alisema Ng'aring'ari. Akakichukua, akarudi mwanzo. Koplo alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, na Sajini akaona ajabu kwamba hakukasirika.

Pipa la mwisho lilikuwa la moto, karibu na kuchemka, na halikuwa na waya wa umeme. Nikeli ilijikalia yenyewe juu ya chuma, polepole, unene uleule juu ya uso na ndani ya kila tundu. Fundi alisimama saa mbili na kipimajoto mkononi akichungulia, anaongeza maji, anapima, anakoroga, jasho linamtiririka ndani ya glavu. Sajini alimtazama akasahau njaa. Hakujua kwamba mtu anaweza kukitunza kitu kiasi kile bila mtu yeyote kumsimamia. Vipande vilipotoka vilikuwa na rangi tulivu ya kijivu, kama kijiko cha zamani, na mguso wake ulikuwa laini hata ungedhani vina joto. Usiku kucha vilikaa kwenye tanuri chuma kipate kutulia, Sajini na Koplo wakivilinda kwa zamu.

Alhamisi Koplo alivishika mikono mitupu asubuhi nzima, akatolewa jasho kwa makusudi kwa kubebeshwa mapipa, akavishika tena. Vikalala juu ya waya ndani ya ndoo ya maji ya uvuguvugu. Ijumaa alfajiri fundi alifunua, akatazama, akamkabidhi mdogo wake. Havikuwa na kitu. Sajini alitaka kumwomba radhi palepale, lakini akaishia kusema, "Ahsante, dada." Akaenda zake na vibati vitatu mfukoni.

Kikaoni walikuwapo Kamanda na maofisa wawili. Koplo alisimama wima ukutani. Sajini aliipanga mezani bastola iliyokwisha kuunganishwa, akapanga vibati, akaeleza. Alieleza vibaya, akirudiarudia, maana hakuzoea kumtetea mtu.

"Kwa hiyo ripoti zako tatu?" Kamanda aliuliza.

"Nilikosea, afande. Alikuwa anasafisha. Alikuwa anasafisha kuliko sisi sote."

"Umekosea mara tatu?"

"Mara nne, afande. Ya kwanza ilikuwa nyumbani."

Kamanda hakuelewa, na hakuomba kuelezwa. Alimtazama mtu huyu ambaye hakuwahi kufuta hata nukta katika ripoti zake, kisha akazivuta zile karatasi tatu na kuzipiga mstari moja moja.

"Na ikiota kutu tena?"

"Mniandike mimi."

Kamanda alimwashiria Koplo. Alikuja mezani, akaikamata bastola kwa mkono uliolowa woga wa wiki nzima, akaikagua kama alivyowafundisha wengine, akairudisha mezani. Alama za vidole vyake zilibaki juu ya kijivu, mbichi, zinaonekana waziwazi. Mkono wa Sajini, kwa mazoea ya miaka ishirini na miwili, ulikwenda na kitambaa.

"Iache, afande," alisema Koplo. "Naomba uiache."

Sajini alirudisha kitambaa mfukoni. Walisimama wote kuizunguka meza, Kamanda naye akiwa ameinuka kwenye kiti, wakazitazama zile alama zikikauka taratibu, moja baada ya nyingine, mpaka chuma kikabaki safi.

"Nenda uwanjani," Kamanda alimwambia Koplo. "Wanafunzi wako wamekaa juani toka saa mbili."