Mbuzi wa Ntheo na Sensa Iliyoombewa

Usiniulize habari ya gari na mama yangu kwa siku moja. Nitalia.

Nilikuwa nimeahirisha kupeleka mbuzi wa ntheo mara mbili, na kwetu Ukambani, bila hao mbuzi huna mke, una rafiki tu. Mara zote ni gari ilinikataa. Mzee Nzomo, baba yake Mutindi, akanipigia simu. "Mwau, Jumamosi hii mbuzi wasipofika Nunguni, usinisumbue tena. Binti yangu haahirishwi." Akakata. Mimi nampenda Mutindi mpaka nakosa usingizi, kwa hivyo Jumamosi alfajiri, hapa kwetu Kibwezi, nilikuwa nimeshavaa ovaroli.

Shida ilikuwa oksijeni sensa, kale kadude hukaa kwa bomba la ekzosi, kananusa moshi na kuambia injini ichome petroli kiasi gani. Ikifa, gari inatoa moshi mweusi na mlimani haina nguvu. Nilikuwa na mpya. Nikawasha injini bomba lipate joto, nikazima, nikalala chini na spana. Ile ya zamani ikagoma mpaka saa sita mchana. Nikaibembeleza, nikaitukana kwa Kikamba, ikatoka na ngozi ya vidole vyangu.

Nikaacha mpya juu ya boneti, nikaenda kufunga kidonda. Nilikuwa nimeambia kila mtu hapo nyumbani, hata mbuzi: hiyo ncha ya sensa isiguswe, ikiona mafuta inakufa! Niliporudi kuifunga niliona inateleza kidogo, nikadhani ni jasho langu. Nilipomaliza nikapiga makofi. Mama akaitikia, "Amina!" Ningefaa kujiuliza hiyo amina ni ya nini.

Nikavaa suti, mbuzi wakaingia nyuma, mama akakaa mbele. Barabara kubwa tulienda vizuri. Kuanza kupanda Nunguni, gari ikakohoa, ikatoa moshi mweusi tii. Kwa kona ya mwisho, boma la Mzee Nzomo likionekana pale juu, ikakwama kabisa.

"Mwaitu, mimi sielewi," nikamwambia mama. "Sensa ni mpya!"

"Na niliiombea," akasema. "Niliichovya yote kwa mafuta ya upako."

"Uliichovya?"

"Kwani ulitaka kwenda kwa wakwe na kitu haijaombewa?"

Woi! Nilikasirika mpaka nikacheka, halafu nikataka kulia kweli. Nikafungua mlango niwapandishe mbuzi kwa miguu, lakini walikuwa wamelewa moshi. Walinitazama tu, wakalala. Jua nalo lilikuwa linateremka. Nikampigia Mutindi. "Nimeshindwa. Niko hapa chini kwa kona. Mwambie baba..."

Akakata. Nikaketi kando ya barabara na suti yangu, nikajua yamekwisha.

Msichana siku hiyo hukaa ndani na shangazi zake mpaka wazee wamwite, wamuulize kama mbuzi wapokelewe. Mutindi hakungoja kuitwa. Nilimwona akiteremka mbio, gauni jeupe, viatu mkononi.

"Wewe Mwau, wacha kukaa hapo kama gunia! Ingia, washa!"

"Mutindi, gauni..."

"Nimesema washa!"

Nikawasha. Yeye akaweka bega nyuma, na mama, kwa adhabu yake, akaweka lake. Gari ikavuta kidogo, wao wakasukuma kidogo, moshi wote ukawaishia usoni. Mama alikuwa anakemea mapepo, Mutindi anakemea mimi. Nikamwambia Mungu, nipe huyu, sitaki mwingine.

Tukaingia bomani polepole. Wazee wakasimama, shangazi wakashika midomo. Mzee Nzomo akatembea hadi nyuma ya gari, akamtazama binti yake: uso mweusi, gauni limeharibika, anahema, na bega bado halijatoka kwa gari.

Mzee mmoja akakohoa. "Sasa arudi ndani, tumwite, tumuulize kama anakubali?"

"Mumuulize nini tena?" akasema Mzee Nzomo. "Shusheni mbuzi."