Mizani ya Mabegi na Kifyatulio Kipya

Mwaka uliotangulia, Wanjohi alimpiga kulungu risasi ya tumbo, na tangu siku hiyo hakupata tena kula nyama ya mwituni kwa furaha. Hakukosa kwa pupa wala kwa macho mabovu. Kifyatulio cha bunduki yake kilikuwa kizito, kilitaka nguvu ya karibu kilo tatu, na kidole chake, ambacho kwa miaka ishirini kilikuwa kimehesabu vidonge katika duka la dawa la hospitali, kilivuta na kuvuta mpaka mtutu wote ukayumba. Risasi ilipotoka, alama ya darubini ilikuwa imekwisha kuhama. Saa tatu nzima yeye na rafiki yake Ushindi walifuata matone ya damu katika vichaka vya magharibi ya Fort Worth, hadi Ushindi alipomwona mnyama amelala kando ya kijito, yu hai bado, anawatazama.

Pale pale Wanjohi aliapa kwamba bunduki ile ama itapiga pale anapokusudia, ama ataiuza.

Ndiyo sababu, msimu mpya wa kuwinda ulipokaribia, aliagiza kifyatulio kingine, kilichotengenezwa na kiwanda tofauti na kile kilichounda bunduki. Kilifika nyumbani kwake Euless katika kisanduku cha ukubwa wa sabuni ya kuogea. Jumatano alikifunga katika gereji yake, ndege zikipita juu ya paa moja baada ya nyingine, akiwa ameubandika ukutani mwongozo wa kurasa nne. Mwongozo uliagiza mambo mawili kwa herufi nzito: kwanza, uzito wa kuvuta usishushwe chini ya kilo moja, pili, baada ya kila rekebisho, bunduki ikiwa tupu, kitako kigongwe kwa nyundo ya mpira ili kuhakikisha kwamba haifyatuki yenyewe. Wanjohi alipima, akagonga, bunduki ikanyamaza. Alhamisi akaona bado ni kizito kidogo, akalegeza skrubu mizunguko miwili, akapima tena. Kugonga hakugonga tena. Alikuwa amekwisha kugonga jana yake.

Asubuhi ya Ijumaa, siku moja kabla ya msimu kufunguliwa, aliichukua bunduki hadi uwanja wa shabaha pamoja na Ushindi. Ushindi alikuwa Mkongo wa Uvira, mpakiaji wa mizigo katika uwanja wa ndege, mtu mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko kifua chake. Wanjohi alikaa kwenye meza, akaegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, akapiga risasi tano bila haraka. Ushindi aliitazama shabaha kwa darubini yake.

"Yaya, ulipiga moja tu?"

"Nimepiga tano."

"Basi nne zilirudi nyumbani."

Zote tano zilikuwa zimepita mahali ambapo kizibo cha soda kingetosha kupafunika. Wanjohi aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu, na jiwe alilokuwa amelibeba moyoni mwaka mzima likaanza kusogea.

"Na uache kuniita yaya," alisema, maana sasa alikuwa na nafasi ya kufanya mzaha. "Kwetu Kenya yaya ni mtu anayelea watoto."

"Kwetu ni ndugu mkubwa. Lakini hata la kwenu linakufaa. Si unanilea?"

Kisha Ushindi akaketi kwenye meza yeye mwenyewe. Aliweka shavu, akaweka kidole, na bunduki ikalia kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Risasi iliruka juu ya shabaha, ikajifukia ndani ya tuta la udongo. Ushindi alikitoa kidole chake taratibu, akakitazama kama kwamba kimemsaliti.

"Niliigusa tu, ikaenda."

"Hujaizoea. Ni kilo moja na robo, nimepima mwenyewe."

"Sawa, Yaya. Wewe ndiye daktari wa vidonge." Lakini hakuomba kupiga tena.

Nyumbani walimkuta Jedidah, mkewe Wanjohi, jikoni akichambua maharagwe. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa mahututi, na zamu yake ilikuwa ya Jumapili. Tangu bunduki ya kwanza ilipoingia katika nyumba ile alikuwa ameweka masharti, naye hakuwa mtu wa kusahau sharti. Aliisikiliza habari ya risasi tano hadi mwisho, akafuta mikono.

"Karatasi ni nzuri. Nani mwingine amekipima kifyatulio?"

"Nimekipima mara mbili, Mama Carmel."

"Mara mbili ni wewe na wewe. Sisi wodini, dawa inayoweza kuua haiingii mshipani mpaka wauguzi wawili waisome, kila mmoja kwa macho yake. Kesho mtakaa katika kile kibanda chenu cha kuvizia magoti yakigusana, mdomo wa bunduki ukiwa upana wa kiganja kutoka kwenye kichwa cha huyu Baba Matumaini. Matumaini ana wadogo wanne. Bunduki haitoki humu mpaka Baba Matumaini naye apime."

"Shemeji amesema," Ushindi alisema, akavua kofia.

Wanjohi hakuona sababu ya kubishana. Alijua jibu. Waliingia gereji wote watatu, akafungua komeo la bunduki, akawaonyesha kwamba chemba ya risasi ni tupu, Jedidah akatia kidole chake cha mwisho ndani ili aamini. Kisha Wanjohi akachukua mizani ile ile aliyopimia kutoka kwenye msumari wake karibu na mlango.

Mizani ile ilikuwa na sifa. Ilikuwa ya kuning'iniza, ya mshale na uso wa duara, ya kupimia mabegi ya safari, na hapakuwa na familia ya Afrika Mashariki kanisani kwao ambayo haikuwahi kuiazima. Ilikuwa imefika Garland mara nyingi kuliko mchungaji. Mwezi uliotangulia ilirudi kutoka Gulfton, Houston, kwa mjane mmoja aitwaye Orpa, ikiwa imefungwa kwa kitenge kama mtoto mchanga. Sifa yake ilikuwa moja: aliyepima begi lake kwa mizani ile hakupata kamwe kutozwa senti kaunta.

Wanjohi alikaza kitako cha bunduki mezani. Ushindi akapachika ndoano kwenye kifyatulio, akavuta polepole. *Ta.*

"Moja na kidogo," Ushindi akasema.

"Moja na robo," Wanjohi akasahihisha, akamgeukia mkewe kwa uso wa mwanafunzi aliyepata mia kwa mia. "Haya, macho manne yamesoma."

Jedidah aliitikia kwa kichwa. Ushindi alikuwa anairudisha mizani kwenye msumari alipocheka.

"Hii mizani ina baraka, Shemeji. Élodie wangu alipokwenda Bujumbura kwenye harusi, hapa ilisema kilo ishirini na tatu kamili, mwisho wa kinachoruhusiwa. Nikamwambia, utaona aibu kaunta, toa viatu. Akakataa. Tulipofika, mashine ya pale ikasema ishirini na mbili na gramu mia tatu. Akanitazama mpaka getini."

Jedidah alisimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Kitu alichokuwa amekijua kwa miaka mingi, nacho hakikuwa kimemdhuru mtu, kilianza kubadilika sura mbele yake.

"Na Orpa alisema hivyo hivyo," alisema polepole. "Gramu mia saba zilibaki. Na mama yangu alipokuja. Mia saba." Akageuka. "Baba Carmel, mizani hii huzidisha. Wewe mwenyewe ulitaka kuipeleka itengenezwe, nami nikakataa, nikasema acha iwaokoe watu."

Jedidah alikwenda jikoni, akarudi na pakiti ya unga wa ugali, kilo mbili, haijafunguliwa. Akaifunga kwa kamba, akaitundika. Mshale ukapita mbili, ukatulia karibu na tatu.

Ndege ilipita juu ya paa, ikaenda zake. Wanjohi aliinama, akautazama uso wa mizani kwa karibu, kama ambavyo angepaswa kuutazama Jumatano: mshale, bila kubeba kitu, ulikuwa umelala pembeni ya sifuri kwa upana wa uzi mnene. Juu ya begi la kilo ishirini na tatu, upana ule ulikuwa huruma. Juu ya kifyatulio, ulikuwa zaidi ya nusu ya hesabu yote. Alitoa mia saba kwenye moja na robo, na mtu aliyehesabu dawa za watu miaka ishirini hakuhitaji kalamu.

"Nusu kilo," alisema. "Nimekiweka nusu kilo na ushee."

"Macho manne," Jedidah alisema, "yamesoma uongo mmoja."

Wanjohi alichukua nyundo ya mpira. Alifunga komeo la bunduki tupu ili iwe tayari kufyatuka, akaisimamisha juu ya kipande cha zulia, mtutu ukielekea juu penye ukuta wa matofali, akagonga kitako. Kimya. Akagonga tena, si kwa nguvu, kwa kiasi cha goti la mtu kugusa mbao.

*Ta.*

Kifyatulio hakikuguswa na mtu. Ushindi aliikalia ngazi ndogo ya gereji. Wanjohi aliweka nyundo chini, na machoni pake akakiona kibanda cha mbao, kulungu akitokea vichakani, sefti, kile kizuizi cha usalama, ikisukumwa mbele, na Ushindi akigeuka kumnong'onezea, maana Ushindi hakuwahi kuona kulungu asigeuke kunong'ona.

"Nisamehe," alisema.

"Nikusamehe nini? Kichwa changu hiki hapa." Ushindi alikipapasa. "Kuteleza si kuanguka, Yaya. Ila kesho, mimi nitanong'ona kwa barua."

Jedidah hakucheka, lakini aliketi, na Wanjohi alipomsikia akishusha pumzi alijua kwamba dhoruba haitakuja. Kwa mtu aliyeishi naye miaka thelathini, pumzi ile ilikuwa rehema iliyo wazi kuliko maneno.

"Utarudisha kile cha zamani?" Jedidah aliuliza.

Hapo ndipo palipomuuma. Cha zamani kilikuwa salama, na kilikuwa kimemfanya ampige mnyama tumboni. Aliitazama ile karatasi ya matundu matano iliyokuwa imelala mezani.

"Kama hiki hakitapita mtihani, sitakwenda kesho. Wala keshokutwa."

"Basi kipe mtihani wa kweli," mkewe alisema. "Lita moja ya maji ni kilo moja. Nilifundishwa darasa la tano, na maji hayajabadilika."

Alileta jagi lake la kupimia na chupa tupu ya plastiki. Walifunga kamba shingoni mwa chupa, wakasimamisha bunduki, mtutu ukitazama juu, wakaiacha chupa ining'inie kwenye kifyatulio, Jedidah akimimina. Kwanza, pale kilipokuwa: ilipofika nusu lita na vijiko vichache, *ta*. Mizani iliumbuka kabisa. Wanjohi akakaza skrubu mzunguko mmoja, kisha wa pili, kisha nusu zaidi. Chupa ikabeba lita moja, bunduki ikavumilia. Lita moja na robo, ikavumilia. Jedidah aliongeza tone kwa tone kwa bomba la sindano, uso wake ukiwa vile ulivyokuwa wodini, hadi lita moja na nusu. *Ta.* Walirudia mara tano, na mara zote tano maji yalikomea palepale.

Kisha nyundo. Wanjohi aligonga kitako mara kumi. Ushindi akagonga kumi, kwa nguvu ya mtu mwenye kichwa cha kulinda. Wakagonga ubavu wa kushoto na wa kulia. Walifunga komeo kwa kishindo mara ishirini. Waliweka sefti, wakavuta kifyatulio, wakaachia, wakatoa sefti. Hakuna kilichofyatuka ila walipokitaka. Jedidah aliandika kila kitu nyuma ya mwongozo, akatia sahihi, akampa Ushindi kalamu naye atie yake.

Alasiri walirudi uwanjani. Kundi la risasi tano lilipanuka kidogo. Sasa lilihitaji kifuniko cha chupa ya maziwa. Ushindi alipiga tatu, na zote zilitoka pale alipoziamuru. Alimpa Wanjohi bunduki, akiitikia kwa kichwa.

Jumamosi, jua lilipokuwa limepanda kiasi cha kuyeyusha umande, kulungu dume alitoka vichakani na kusimama ubavu. Ushindi aligeuka kunong'ona, akajikumbuka, akanyoosha kidole tu. Wanjohi alisubiri mpaka mnyama akasonga hatua moja, akasukuma sefti, akavuta. Hakuhisi mtutu ukiyumba. Kulungu aliinama pale pale kwa magoti, akalala, hakuamka. Hapakuwa na damu ya kufuata. Wanjohi alifungua komeo, akatoa risasi zote, akakaa na bunduki tupu mapajani, akilia kidogo bila aibu, na Ushindi akaangalia upande mwingine kwa muda unaofaa.

Jumatatu jioni simu ya Jedidah iliita. Alikuwa mama mmoja wa Garland, anasafiri wiki ijayo, anaiomba ile mizani yenye baraka. Wanjohi, aliyekuwa ameshika bisibisi tayari kuufungua uso wa mizani ili aurekebishe mshale, aliinua macho.

Jedidah alimnyang'anya mizani mkononi. Alikata kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, akakibandika juu ya kioo, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka: MABEGI TU. Kisha akairudisha kwenye msumari.

"Njoo uichukue," alimwambia yule mama kwenye simu.