Mrija wa Pikipiki ya Maalim Sheshe

Miezi miwili ilikuwa imepita tangu fundi Kibwana apeleke barua ya posa kwa Maalim Sheshe, akimwomba dada yake Mwamvita, na jawabu lilikuwa halijaja. Wala si kwamba Maalim alikuwa mbali. Kila Jumatatu alipita mbele ya banda la Kibwana, hapo Lushoto karibu na soko, juu ya pikipiki yake kuukuu ya Kiingereza, akienda Mlola kusomesha. Alipunga mkono akapita, akamwachia fundi moshi.

Pikipiki ile ilikuwa na mrija mwembamba wa shaba uliotoka kwenye injini na kuudondoshea mafuta mnyororo wa nyuma, tone kwa tone, pasipo mkono wa mtu. Walioiunda walijua walitendalo, maana mnyororo mkavu haudumu. Ila mnyororo ulipozunguka uliyarusha mafuta hayo, na yakaishia kwenye pindo la kanzu ya Maalim.

"Maalim, hiyo kanzu au tambara la kushikia sufuria?" wauza viazi walimtania, naye akajifanya hasikii.

Asubuhi moja ya kipupwe, mwaka wa elfu moja mia tisa arobaini na tisa, alisimama bandani.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Fundi, mafuta haya yametengenezwa kwa kitu gani?"

"Yanachimbwa ardhini, Maalim, kama mafuta ya taa."

"Uliyaona yakichimbwa?"

"Hapana."

"Basi. Huko Mlola wanasema yametiwa shahamu ya nguruwe. Sijui kama ni kweli, wala sijui kama ni uongo. Lakini siwezi kuswalisha watu nikiwa na shaka kwenye pindo langu."

Kibwana aliifuta mikono yake taratibu. "Dawa yake ni kuuziba mrija. Lakini nakuomba, Maalim, tusiuzibe. Mnyororo huu ni mzee, utakauka, na siku utakapokatika—"

"Namna yake ni yako, mimi si fundi. Mimi nataka kanzu yangu iwe twahara." Kisha Maalim akatabasamu, jambo asilolizoea. "Barua yako ninayo, shemeji."

Shemeji! Neno hilo moja lilimlegeza Kibwana kuliko hoja yoyote. Aliufungua mrija, akagongomea kipande cha madini ya risasi kwenye mdomo wa mrija, akaurudisha mahali pake. Alimpa Maalim kopo la mafuta ya mashine na brashi.

"Upake kila safari, kabla hujawasha."

"Nitapaka."

Na kweli alipaka. Lakini shaka iliyomtoa kwenye mrija ilimtoa kwenye kopo pia, akalitupa. Alipaka mafuta ya nazi safi, yaliyoletwa kutoka Tanga, ambayo Mwamvita aliyayeyusha kwenye makaa kila Jumatatu alfajiri. Pwani mafuta ya nazi hutiririka kama maji. Katika baridi ya Usambara huganda kama mshumaa. Yaliganda juu ya mnyororo, nayo pini zake zikasagana ndani kwa ukavu.

Jumatatu ya tatu Kibwana aliuona ule weupe, na pua yake ikamwambia ni nini. Akaikimbilia pikipiki barabarani.

"Maalim, huo mnyororo—"

"Tutazungumza Ijumaa, shemeji. Mambo yako yanakwenda vizuri."

Kibwana akaufunga mdomo wake. Siku nne si nyingi, alijiambia.

Siku ile ile, wakati wa kurudi, Maalim alimpakia muadhini, Mzee Ramadhani, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wa posa ile. Kwenye mteremko wa Magamba mnyororo ulikatika, ukajisokota gurudumuni, na gurudumu likakwama. Maalim alirushwa majanini, akachubuka viganja. Mzee Ramadhani aliangukiwa na pikipiki, na mguu wake wa kulia ukakatwa hospitalini chini ya goti.

Zumbe, chifu wa pale, akaitisha baraza. Pikipiki ilisukumwa hadi uwanjani, mrija ukafunguliwa, na kile kipande cha risasi kikapitishwa mkono kwa mkono.

"Nani alikitia?" Zumbe aliuliza.

"Mimi," Kibwana akajibu.

"Maalim, ulimwamuru azibe?"

Maalim Sheshe alikuwa amesoma, na alijua uzito wa kila neno. "Nilimwambia nataka kanzu yangu iwe twahara. Kuziba sikumtajia."

Yalikuwa maneno ya kweli, hata herufi haikupungua, na Kibwana hakuwahi kusikia uongo mkubwa kuliko ule.

"Alipaka mafuta ya nazi!" alisema. "Kwa baridi hii yanaganda!"

Watu wakacheka. "Mghosi, bwana wee, leo nazi nayo ina hatia?" mmoja akadakia. "Aliyeidhamini kazi yako ni wewe, au ni mnazi?"

Mzee Ramadhani, aliyebebwa kitandani hadi barazani, aliinua mkono. "Mwacheni kijana. Mimi nimeshamsamehe." Huruma yake ilimmaliza Kibwana, kwani kumsamehe kulikuwa kumtia hatiani. Zumbe akaamuru banda livunjwe, na fundi arudi kwao Muheza.

Alikuwa akifunga nyundo zake kwenye gunia Mwamvita alipokuja, bila kujificha, mchana, watu wakiona. Kibwana akaliacha gunia. Huyu aliyayeyusha mafuta kwa mkono wake, huyu angesema.

"Wewe unajua," Kibwana alimwambia. "Unajua aliyoyapaka."

"Najua. Nimemwambia kaka yangu kwamba amelisoma neno la Mungu ili ajue pa kulikwepea. Amenipiga kofi." Aligusa shavu lake, akauteremsha mkono. "Ila yeye hakujua kwamba mnyororo utakatika. Wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ya kuziba?"

"Tangu siku hiyo."

"Na ulipouona mweupe?"

Kibwana akatia nyundo nyingine guniani.

"Ulinyamaza kwa ajili yangu," Mwamvita alisema, "na mimi sikukuomba. Mtu akiniuliza Mzee Ramadhani alipoteza mguu kwa mahari ya nani, nitamwambia nini?"

Mwamvita akajitanda kanga yake, akashika njia ya nyumbani kwa muadhini, kumwoshea kidonda.